Nyumba Yetu, Ardhi Yao

Ukienda kununua nyumba Majengo, Kisauni au Likoni, dalali atakuuliza kabla hamjataja bei: wataka na ardhi au bila ardhi? Mgeni kutoka bara hudhani anafanyiwa mzaha. Sisi tuliozaliwa Mombasa twajua kwamba bei yote imo katika jibu la swali hilo. Nyumba bila ardhi ni nyumba kamili. Ina kuta na paa, ina vyumba sita na uani, huuzwa, hurithiwa, na mwenyewe akifa kadhi huigawa kwa mafungu ya mirathi kama mali nyingine yoyote ya marehemu. Ila udongo iliosimama juu yake ni wa mtu mwingine, na mtu huyo hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi.

Mitaa mizima ya Mombasa imejengwa hivyo, na wenyeji wameishi hivyo tangu enzi za wakoloni. Mahakama zinajua. Majaji wa Mombasa na Malindi wameitaja nyumba bila ardhi katika hukumu zao mara kadhaa, kama desturi ya pwani inayofahamika. Bunge tu ndilo ambalo halijapata kukaa likaandika haki za mwenye nyumba ya namna hiyo ni zipi, na kwa sababu hiyo watu wanaendelea kutolewa katika nyumba walizonunua kwa jasho lao. Naandika haya nikiamini kwamba sheria hiyo inaweza kuandikwa. Kuna mahali iliandikwa, ikapingwa mahakamani, ikashinda, nami nitafika huko.

Nyanya yangu alinunua nyumba bila ardhi pale Majengo miaka michache baada ya uhuru, kwa pesa za mahamri na mkufu wa dhahabu aliouza. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zote za wakati ule: boriti na fito za mikoko, udongo na mawe ya matumbawe yaliyoshindiliwa ndani ya fito, lipu ya chokaa nje, makuti juu, baraza mbele. Ukiingia, ukumbi unakwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Kimoja alilala yeye na wajukuu, vilivyobaki aliwapangisha makuli wa bandarini. Kwa kodi ya vyumba vile mamangu na ndugu zake walisoma. Hati ya mauziano ilikuwa karatasi moja ya kupigwa taipu, na ndani yake yameandikwa wazi: nyumba bila ardhi. Kila mwisho wa mwezi alikuja karani wa mwenye ardhi na daftari lake, akalipwa, akakata risiti. Nyanya alizichoma risiti zile kwenye waya, mwaka baada ya mwaka, na waya ukatundikwa nyuma ya kabati ambako hakuna mtoto angefika.

Alipotaka kutoa makuti aweke mabati, ilibidi aombe ruhusa kwa karani, na ruhusa ilikuwa na bei yake. Alipotaka kuinua kuta kwa matofali na saruji, akakataliwa kabisa. Wakati ule sisi watoto tulidhani karani ana roho mbaya. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa hesabu yake. Nyumba ya udongo na fito huchukuliwa kuwa kitu cha muda, kitu ambacho mwenyewe aweza kuambiwa akibomoe aondoke nacho. Nyumba ya mawe huleta maswali mahakamani. Kwa hivyo ule uduni wa nyumba ambao watu wa mipango ya miji wamezoea kuulaumu, nao wakauita mtaa wa mabanda, haukutokana na uvivu wala umaskini peke yake. Ulitokana na mtu kukatazwa kujenga vizuri juu ya ardhi ambayo si yake.

Ardhi ilipataje kuwa yao? Hapo lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1895 Waingereza waliingia mkataba na Sultani wa Zanzibar wa kuutawala mwambao wa maili kumi, naye akilipwa kwa mwaka. Mwaka 1908 wakatunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya mwambao huo pekee. Kila aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa kupeleka dai lake kwa afisa wa usajili, alithibitishe, apewe cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Unaweza kukisia nani alifika kwa afisa huyo na nani hakufika. Walifika wenye maandishi, mashahidi na mawakili. Wengi wa Mijikenda waliokuwa wakilima mashamba yale kwa vizazi hawakufika, na watumwa waliotoka kuachwa huru juzi tu wangepeleka dai gani? Familia chache zikatoka na vyeti vya eneo kubwa la kisiwa na la ng'ambo zake, na waliobaki wakajikuta wageni mahali walipozikwa babu zao.

Kisha mji ukakua. Bandari ya Kilindini ilihitaji watu, watu walihitaji pa kulala, na hawakuwa na pesa za kununua ploti. Mwenye ardhi akaona njia rahisi: awape mahali pa kujenga, nao wamlipe kila mwezi. Baraza la mji likakubali mtindo huo kwa sababu haukuligharimu nyumba hata moja. Kila mtu alipata kitu, na aliyejenga alipata kidogo kuliko wote, ijapokuwa kazi yote ilikuwa yake.

Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kwa barua kuhusu mwambao. Mengi mazuri yamo katika barua zile, zikiwemo ahadi za mahakama za kadhi. Imo pia ahadi kwamba hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa wakati wote. Mwenye cheti cha enzi za ukoloni akavuka salama hadi Kenya huru, na mwenye nyumba juu ya ardhi hiyo hakutajwa. Sheria ile ya 1908 ilidumu zaidi ya karne moja, hadi ilipofutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Vyeti vilivyozaliwa nayo viliendelea.

Sasa tazama hali ya leo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji ambao haukutajwa muda wake wala notisi yake huhesabiwa kuwa wa vipindi, na notisi ya kuuvunja haipungui kipindi kimoja cha kodi. Mwenye nyumba ya Majengo hulipa kwa mwezi na mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Kwa hiyo mtu aliyekaa hapo tangu enzi za babu yake yuko karibu sawa na mpangaji wa chumba aliyehamia juzi. Mwezi mmoja unatosha kumwambia ahame, na akihama hataondoka na sanduku na godoro kama mpangaji. Anaacha nyumba nzima.

La kuudhi zaidi limo katika Sheria ya Muda wa Kushtaki. Mtu akivamia ardhi ya mwenzake, akakaa waziwazi miaka 12 bila ruhusa na bila kubughudhiwa, aweza kwenda mahakamani aombe ardhi hiyo iandikwe jina lake. Kesi za namna hiyo ni nyingi pwani. Lakini aliyeingia kwa ruhusa na kulipa kodi hana dai hilo, hata akae miaka 60, kwa kuwa kila risiti ni ushahidi kwamba alikaa kwa idhini ya mwenye ardhi. Ule waya wa nyanya yangu, alioulinda akidhani ndio ngao yake, ndio ambao ungetumiwa kumfungia mlango. Januari 2016 serikali ilitoa hatimiliki kwa wakazi wa shamba la ekari 930 kule Likoni, baada ya kulinunua kutoka kwa mwenyewe, na wakazi wakatakiwa kulipa Sh182,000 kila mmoja kwa awamu. Niliwafurahia kwa moyo wote, kwa sababu hakuna aliyestahili kuishi na hofu ya tingatinga. Lakini waliovamia walipata mpango wa serikali, na waliolipa kila mwezi wanasubiri hadi leo.

Haya si mambo ya vitabuni. Shangazi yangu ana nyumba bila ardhi Kisauni. Mwenye ardhi alifariki, warithi wake wakaiuza kwa kampuni ya kujenga ghorofa, na wenye nyumba hawakuambiwa. Dalili ya kwanza ilikuwa karani kuacha kuja. Shangazi akapeleka kodi mwenyewe ofisini, akaambiwa daftari limefungwa. Baadaye ikaja barua ya wakili: ardhi ina mmiliki mpya, nyie mko hapa bila idhini. Kodi ilikataliwa kwanza ili waonekane hawalipi.

Kampuni haikuja na tingatinga siku hiyo, na kwa hilo twashukuru. Ilimtuma mthamini. Nilikuwepo. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, akaingia na karatasi zake akaanza kuhesabu: milango, madirisha, vipande vya mabati, boriti zilizo nzima. Shangazi alimfuata chumba kwa chumba. Alipomaliza na kuonyesha karatasi, shangazi akaisoma polepole akamuuliza, "Mwanangu, mbona kisima hukukiandika?"

"Kisima ni ardhi, mama."

"Kisima alichimba mume wangu. Siku aliyofika kwenye maji nilikuwa nimesimama pale uani."

"Najua, mama. Lakini kisima ni ardhi."

"Na minazi?"

Kijana hakujibu mara moja. Alitazama minazi, akatazama karatasi yake, akasema ataulizia. Minazi haikuandikwa. Kwa desturi ya pwani mnazi ni wa aliyeupanda, hata kama shamba ni la mwingine, na hata wakoloni walilijua hilo. Mwisho wa hesabu, nyumba iliyolea watoto sita ikawa bei ya mbao na mabati makuukuu. Kukaa hapo, karibu na shule, karibu na wateja wake wa viazi karai, hakukuwa na safu yake kwenye fomu. Ukiuza nyumba bila ardhi Kisauni kwa mtu wa kawaida, hapana mnunuzi anayelipia mbao. Hulipia mahali. Soko la Mombasa linaijua thamani ya nyumba hizi, lakini fomu ya mthamini haiijui.

Watu wa bara huniambia hivi ndivyo sheria ilivyo duniani kote, kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Basi nawaomba wasome Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 260. Inapoeleza maana ya ardhi, inataja uso wa dunia, miamba iliyo chini yake, maji, maliasili na anga iliyo juu. Majengo hayamo. Inapoeleza maana ya mali, inataja haki katika ardhi, au katika vitu vya kudumu vilivyo juu ya ardhi, au katika maendelezo yaliyofanywa kwenye ardhi. Katiba yenyewe imeliacha wazi jambo hili, kwamba mtu aweza kuwa na haki katika jengo hata kama udongo si wake. Na Kifungu cha 40 kinalinda mali.

Isitoshe, Bunge lilipotaka kuwasaidia wenye ghorofa, halikuona tabu kuigawa ardhi moja kwa tabaka. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inamwezesha mtu kupata hati yake mwenyewe ya nyumba iliyo orofa ya saba, ambayo kwa uhakika haigusi udongo popote, pamoja na fungu lake katika ngazi, paa na kiwanja. Hati hiyo aweza kuipeleka benki akakopea. Sikatai, ni sheria nzuri, na wanunuzi wengi walikuwa wameteseka kabla yake. Lakini ikiwa dola inaweza kumwandikia mtu nyumba iliyo hewani, kwa nini ishindwe kumwandikia shangazi yangu nyumba iliyo chini, yenye kuta zinazoonekana na jirani wanaomjua? Mwaka 2024 tena ikapitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na kila anayelipwa mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake analipa kiasi hicho hicho. Binamu yangu wa bandarini anakatwa kila mwezi ili zijengwe nyumba mpya, huku nyumba ya mamake iliyokwisha kujengwa haina sheria ya kuilinda.

Jirani zetu Zanzibar walilipitia jambo hili mapema. Ng'ambo ya mji wa Zanzibar ilijengwa vivyo hivyo, nyumba za watu juu ya ardhi ya wengine, na kodi ya ardhi ilipopandishwa watu waliungana wakakataa kulipa. Mgomo huo wa 1928 ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilitunga amri ya kudhibiti kodi ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ardhi ilitwaliwa na serikali, na hadi leo Sheria ya 1992 inaihesabu kuwa mali ya umma. Njia ile ina maumivu yake na sikusudii kuipendekeza Mombasa. Bara la Tanzania nako ardhi yote ni ya umma, kwa hiyo swali letu halizuki kwa sura hii hii, ingawa kuvunjiwa nyumba kupo huko pia.

Mahali ninapotaka wabunge wetu watazame ni visiwa vya mbali zaidi. Hawaii ni jimbo la Marekani sasa, lakini lilikuwa ufalme. Mwaka 1848 mfalme na machifu waligawana ardhi ya visiwa, na mwaka 1850 ikatungwa sheria iliyowaruhusu wananchi wa kawaida kudai vipande walivyokuwa wakivilima, kwa masharti ya kupeleka dai, kuleta mashahidi na kupimiwa. Wengi hawakupeleka. Waliofaulu waliambulia jumla ya ekari zisizofika 30,000, chini ya asilimia moja ya visiwa vyote. Niliposoma habari hiyo nilidhani nasoma ya Mombasa ya 1908.

Yaliyofuata nayo yanafanana na yetu. Kufikia miaka ya 1960 serikali ya Marekani na ya jimbo zilikuwa na karibu asilimia 49 ya ardhi, na asilimia 47 ilikuwa mikononi mwa wamiliki binafsi 72 tu. Katika kisiwa cha Oahu, kilicho na jiji la Honolulu, wamiliki 22 walikuwa na asilimia 72.5 ya ardhi yenye hati kamili. Wamiliki hao hawakuuza. Walikodisha viwanja kwa miaka mingi, watu wakajenga nyumba zao juu yake, na mkataba ulipokaribia kwisha mwenye nyumba alibaki hana la kufanya ila kukubali masharti mapya au kuondoka.

Mwaka 1967 bunge la jimbo likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Ardhi. Utaratibu wake ni wa kueleweka na mtu yeyote. Wenye nyumba 25 wa eneo moja, au wenye nusu ya viwanja vyake kama ni wachache zaidi, wanapeleka ombi kwa mamlaka ya nyumba ya jimbo. Mamlaka hufanya kikao cha hadhara. Ikiona kwamba umma utafaidika, inaitwaa ardhi kwa mwenyewe kwa kumlipa fidia ya haki, bei ikiamuliwa na mahakama au kwa mapatano, kisha inawauzia wenye nyumba. Wenye nyumba ndio wanaotoa pesa. Serikali inaleta nguvu ya sheria, ile nguvu ambayo mtu mmoja mmoja mbele ya mwenye ardhi hana.

Wenye ardhi walishtaki. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa ushindi, ikisema huku ni kumnyang'anya A umpe B. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, na mwaka 1984 majaji wanane kwa sifuri, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor, wakaihalalisha sheria ile. Walisema kuvunja mkusanyiko wa ardhi uliorithiwa kutoka enzi za wafalme ni manufaa ya umma, hata kama ardhi inaishia mikononi mwa watu binafsi. Hiyo ni Marekani, nchi inayoabudu mali binafsi kuliko nchi yoyote niijuayo. Ikiwa huko imewezekana, hoja kwamba Kenya haiwezi kwa sababu hati ni takatifu inakosa miguu.

Kuna na Baltimore, mji wa jimbo la Maryland, ambako nyumba nyingi za safu zilijengwa kwa mtindo wetu: nyumba yako, ardhi ya mwingine, kodi kidogo ya mwaka. Huko sheria iliweka haki ya kuinunua ardhi kwa mikataba ya baada ya Aprili 1884, na bei ikapangwa kwa hesabu: kodi ya mwaka igawanywe kwa kiwango kilichowekwa, asilimia 6 kwa mikataba mingi. Kodi ya dola 60 kwa mwaka, ardhi ni dola 1,000, hakuna majadiliano. Hata hivyo watu waliumia, kwa sababu sheria ya zamani ilimruhusu mwenye ardhi kuichukua nyumba nzima kwa deni dogo la kodi. Gazeti la Baltimore Sun lilipofichua hayo mwaka 2006, bunge la jimbo mwaka uliofuata likapiga marufuku mikataba mipya na kuanzisha sajili ya lazima. Mahakama ya jimbo baadaye ilifuta baadhi ya vifungu, mwaka 2011 na 2014, kwa kuwa vilifuta haki za wenye ardhi zilizokwisha kuwepo. Atakayeandika sheria yetu ausome mkasa huo vizuri. Ukitaka haki ya mwenye nyumba idumu, mwenye ardhi lazima alipwe. Kwetu hesabu ile ya asilimia 6 haitasimama, maana kodi za ardhi za zamani haziko karibu hata kidogo na thamani ya ardhi ya leo. Itabidi bei ya haki itafutwe kati ya hizo mbili, ikizingatia pia miaka ambayo kodi imelipwa.

Nami lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu katika harakati hizi hawapendi kulisikia. Si kila mwenye ardhi ni bwanyenye. Sehemu ya ardhi ya Mombasa ni wakfu. Kodi yake inalipia mafuta ya taa ya jana na umeme wa leo misikitini, mishahara ya walimu wa madrasa, sanda za maskini. Hawaii walikuwa na tatizo hilo hilo: mmiliki binafsi mkubwa kuliko wote alikuwa wakfu ulioachwa na binti mfalme Bernice Pauahi Bishop, aliyefariki 1884, kwa ajili ya kusomesha watoto wa wenyeji wa Hawaii. Sheria ya 1967 iliulazimisha wakfu huo kuuza viwanja. Wakfu ulipata pesa nyingi, lakini ardhi ya babu zao ilikwenda, mara nyingi kwa watu ambao hawakuwa wenyeji. Na nyumba za Honolulu hazikuwa rahisi kwa sababu ya sheria hiyo, ni ghali hadi leo. Kwa wakfu wa Mombasa mimi siafiki uuzaji. Huko ingetosha mkataba wa maandishi wa miaka mingi, labda 99, wenye kodi inayopanda kwa kipimo kinachojulikana, na ruhusa ya kujenga kwa mawe. Mwenye nyumba angekopesheka, na msikiti ungeendelea kupata chake.

Kwa ardhi ya watu binafsi, jambo ninalolililia kuliko yote ni haki ya kuulizwa kwanza. Warithi wakitaka kuuza, wenye nyumba waliosimama juu ya ardhi hiyo wapewe nafasi ya kununua kwa bei ile ile aliyokubali mnunuzi wa nje, na muda wa kutosha wa kuchanga. Mtaa wa shangazi ungeweza. Wana chama cha akiba, wana watoto Ghuba wanaotuma pesa, wana watu wa bandari. Hawakushindwa kununua. Hawakuambiwa. Na pale ambapo lazima watu wahame, thamani ihesabiwe kwa bei ambayo nyumba bila ardhi inauzwa sokoni, kisima na minazi vikiwemo, wala si kwa bei ya mabati.

Mpaka sheria hiyo ije, kuna mambo ya kufanya sasa. Kama nyumba ingali kwa jina la marehemu, nendeni kwa kadhi au mahakamani mmalize mirathi, maana kampuni hupenda kujadiliana na familia iliyogawanyika. Risiti za kodi zipigeni picha zote. Karani akikataa kodi, mtumie mwenye ardhi kwa M-Pesa au benki, na uhifadhi ujumbe hata kama pesa zimerudishwa. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kuhama kabla wakili wako hajaisoma. Na mkiambiwa kwamba mko hapo kinyume cha sheria, jueni kuwa marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ardhi yanadai notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu katika ardhi ya binafsi, na yanawapa nafasi ya kwenda mahakamani kuipinga kabla muda haujaisha. Kina shangazi walikwenda. Kesi ingalipo, na mtaa ungali umesimama, isipokuwa nyumba mbili ambazo wenyewe walichukua pesa.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi la kutunga sheria. Tumeanza kuliandika la kwetu, wenye nyumba wa mitaa minne pamoja na mawakili wawili wanaotusaidia bila malipo. Ombi la kwanza kabisa ndani yake ni sajili: kila nyumba bila ardhi katika kaunti za pwani ipimwe na kuandikwa kwa jina la mwenyewe, na ploti yoyote yenye nyumba iliyoandikwa isibadilishwe jina kwenye ofisi ya ardhi mpaka wenye nyumba wawe wamearifiwa kwa maandishi.